Utomvu wa Papai Mgongoni Mwangu

Naandika nikiwa nimesimama. Daftari liko juu ya kabati la vyombo, na mke wangu Skolastika amekwisha kuja mara mbili asubuhi hii kutaka sahani zake. Kukaa kitini zaidi ya robo saa bado kunaniletea ganzi ya paja. Kusimama naweza, na kutembea naweza. Watu huja hapa kwangu Nachingwea wakiwa wamepinda ubavu kama nilivyopinda mimi, wametumwa na jirani wa shangazi wa mtu fulani, na wote wanauliza mambo yaleyale. Je, walikupasua kweli? Je, mtu akipasuliwa mgongo si anapooza? Nimechoka kujibu huku kahawa ikipoa, basi nayaandika, na upumbavu wangu nautia humo humo, kwa sababu huo nao una faida kwa mwingine.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Nilizaliwa Malolo, nikasoma kwa mapadri hadi darasa la kumi na mbili, halafu miguu ikaanza kuniwasha. Nilikata mkonge Tanga. Nilibeba mataruma kwenye reli ya kwenda Zambia. Kabla ya hapo nilikaa mwaka mzima kwenye shamba la mapapai huko kaskazini, tukichanja mapapai mabichi alfajiri ili utomvu mweupe udondoke kwenye kitambaa. Ulikaushwa, ukapakiwa, ukapelekwa ng'ambo. Tuliambiwa wazungu wanalainishia nyama. Vidole vilitutoka ngozi, lakini hata leo nikisikia harufu ya jani la mpapai nakumbuka ubaridi wa asubuhi zile na nyimbo za Wapare. Ndivyo nilivyo. Nikiwa mahali natamani nilikotoka, nikirudi natamani nilikokuwa. Kazi ya pampu nilipewa na idara nikiwa na miaka thelathini na kitu, pamoja na baiskeli, na niliipenda kwa sababu ilinipa ruhusa ya kutokuwa nyumbani.

Mgongo uliniharibikia Nkowe, mwaka wa pili baada ya vita vya Uganda, korosho zikianza kudondoka. Pampu ya kisima cha shule ilikuwa haivuti maji, maana yake kikombe chake cha ngozi, kile kinachonyonya maji, kilikuwa kimeliwa na ilibidi mabomba yote yatolewe. Winchi yetu ya mnyororo ilikuwa mbovu na spea hazikuwapo, kwa hiyo tulivuta kwa kamba, wanaume wanane, kwa wimbo. Sheria ya kazi hiyo inajulikana: bomba likiteleza, kila mtu anaachia na kuruka nyuma. Liliteleza. Wote waliachia. Mimi nililikumbatia, kwa sababu lingezama kisimani na nisingelipata tena, na akina mama walikuwa wamejipanga pale na ndoo zao tangu asubuhi.

Nilisikia kitu kikiachia kiunoni, kama mshono wa suruali. Hakukuwa na maumivu makubwa. Tulimaliza kazi, maji yakatoka, akina mama wakapiga vigelegele, nikapanda lori la korosho kurudi Nachingwea. Kesho yake sikuweza kuvaa viatu.

Miezi mitatu niliitibu kama watu wote. Nilikandwa kwa maji ya chumvi, nilipigwa chuku, nilimeza vidonge vya zahanati. Maumivu yalihama kiunoni yakaenda kwenye tako la kushoto, yakashuka nyuma ya paja, yakafika kwenye kifundo cha mguu, kama maji yanayotafuta mteremko. Nilianza kulala sakafuni. Mkwe wangu Kalisti, mume wa binti yetu Eliza, ambaye kwa desturi yetu alikuwa amehamia kwetu kulima na kujenga, aling'oa mlango wa jiko akauweka juu ya mkeka ili nilale pagumu. Jiko lilikaa bila mlango karibu mwaka mzima, na kuku waliingia na kutoka wapendavyo. Sijawahi kulalia kitu kizuri kama mlango ule.

Mvua za Januari ndizo zilizonipeleka hospitali ya misheni. Kwenye baraza la kungojea nilijifunza jambo moja mapema: wagonjwa wa tumbo hukaa, wa homa hulala, wa mgongo husimama. Tulikuwa wanne tuliosimama tukiegemea ukuta, tukatambuana bila kusalimiana. Mwalimu mmoja kutoka Ruangwa aliniuliza, "Kushoto au kulia?" Nikamjibu, "Kushoto." Akatikisa kichwa kama tumekutana watu wa ukoo mmoja.

Daktari aliyenipokea tutamwita Daktari Edga. Alikuwa mtu wa Bukoba, mfupi, akitafuna buni za kahawa siku nzima. Alininyanyua mguu ukiwa umenyooka, nikapiga kelele. Akaniambia niinue kidole gumba cha mguu wa kushoto. Niliinua cha kulia kwanza ili kumwonyesha kwamba nimeelewa. Cha kushoto kiligoma.

"Kazi yako nini?"

"Pampu za maji."

"Ah, basi utanielewa kuliko wengine. Kati ya pingili za mgongo kuna washa, kama zile za mabomba yako. Washa ya mpira, ndani yake kuna kitu laini kama uji mzito. Yako imepasuka, uji umechomoza, umekandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni."

"Washa ikichomoza tunaibadilisha, daktari."

"Hii haibadilishwi. Ama inanywea yenyewe, ama tunakata kile kilichochomoza."

"Inanyweaje?"

Akaniangalia. "Wewe utanisumbua," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Nilikaa pale wiki tatu nikiwa nimefungwa mikanda kiunoni, kamba zikipita juu ya puli na kuning'iniza makopo ya mchanga, ili mgongo uvutike. Walinichoma sindano ya dawa mgongoni, wakanipiga picha kwenye meza inayoinamishwa kichwa chini, na nikaona mwenyewe kwenye filamu mahali ambapo ile dawa, badala ya kushuka moja kwa moja, ilibonyea kama mfereji wenye jiwe. Kichwa kiliniuma siku mbili. Lakini nilikuwa nimeliona jiwe langu, na mtu akishaliona jiwe lake anataka kujua watu wengine wanaondoaje yao.

Daktari Edga alikuwa akipokea majarida ya upasuaji kutoka ng'ambo. Yalikuja kwa fungu, yamechelewa nusu mwaka, yametumwa na daktari mpasuaji mzee ambaye alikuwa akija misheni kila kiangazi kwa siku kumi. Nilimwomba aniazime. Alidhani natania. Nilisoma nikiwa nimelala chali, makopo ya mchanga yakininyoosha, jarida nimelishika juu ya uso, kamusi kifuani. Maneno mengi yalinishinda. Lakini mtu aliyesoma vitabu vya pampu bila mwalimu anajua kwamba ukipata michoro na ukapata ugomvi wa waandishi, umepata karibu yote.

Nilichokiona ni kwamba madaktari wa dunia walikuwa wakitafuta njia ya kuingia kwa mlango mdogo. Njia ya zamani ilikuwa kufungua mgongo urefu wa shibiri, kusukuma nyama kando, kukata mfupa na kuingia. Wengine huko Ulaya walikuwa wameanza kutumia darubini, wakipasua mahali padogo tu na kuona ndani kama mchana. Mjapani mmoja alikuwa akipitisha mrija kutoka ubavuni, akinyofoa ule uji kidogo kidogo bila hata kuuona. Na wengine hawakupasua kabisa. Walichoma sindano katikati ya ile washa, wakaweka tone la dawa inayoyeyusha uji. Dawa yenyewe ilitokana na utomvu wa papai.

Nilisoma mstari huo mara tatu, kisha nikamwita Daktari Edga kwa sauti hadi sista mkuu wa wodi, Sista Adelina, akaja mbio akidhani nimeanguka.

"Daktari, hii ni kweli? Papai hili hili?"

"Hili hili. Wanalisafisha mno lakini."

"Mimi nimeuchanja utomvu huu! Mwaka mzima!"

"Basi labda umewatibu watu na hujui," akasema, akatema ganda la buni.

Ninyi mnaosoma mtaona hapo ndipo akili yangu ilipoanza kwenda upande. Mimi sikuona. Niliona tu jinsi dunia ilivyo duara. Niliyapanga majarida kwa tarehe, nikafuatilia hadithi ya papai kama mtu anavyofuatilia kesi. Ya mwanzo yalilisifu. Ya katikati yalikuwa na barua za hasira: mgonjwa mmoja kavimba mwili mzima palepale, mwingine hakuamka vizuri miguuni. Ya mwisho wengine walikuwa wameliacha, wengine wanalirudia. Nilipomuuliza Daktari Edga nani ana haki, alisema, "Sijui. Na wao hawajui bado, ndiyo maana wanaandika." Sikuwahi kumsikia daktari akisema hajui. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Jambo jingine alilonisomea, naliandika hapa kwa sababu ni la faraja: wengi wenye ugonjwa huu hupona bila kisu, wakingoja tu. Akanirudisha nyumbani nikangoje. "Ila huo mguu," akasema, "kama unazidi kulegea, kungoja hakukufai. Daktari mgeni anakuja kiangazi. Mimi mwenyewe njia ya shibiri naijua, lakini yeye anafungua padogo, na mikono yake ni mizuri kuliko yangu."

Basi nikangoja masika yote. Kabla ya ugonjwa huu nilikuwa sijawahi kukaa nyumbani kwangu wiki tatu mfululizo tangu nioe. Nililala juu ya mlango nikitazama bati, nikasikia jinsi nyumba yangu inavyoendeshwa. Siku moja nikamuuliza Skolastika, "Hivi huwa unatwanga kwa muda mrefu hivi kila siku?"

"Miaka ishirini na mbili," akasema, hakuacha kutwanga.

Hatukuzoeana. Nilikuwa mkali kwa sababu ya maumivu, naye alikuwa mkali kwa sababu alikuwa analima peke yake na Kalisti, anapalilia mikorosho, anarudi kumkuta mwanamume mzima kalala anasoma kamusi. Alinifunga uzi kwenye misuli ya mguu kupima unene, wa kulia na wa kushoto, kila Jumapili baada ya misa. Wa kushoto ulikuwa unapungua. Aliuficha uzi kwenye kitabu cha sala, lakini niliuona. Ndala ilikuwa ikinitoka mguuni nami nikaendelea kutembea bila kujua, mpaka mtu aniite nyuma, "Fundi, kiatu chako!" Mguu ulipiga chini pa, pa, kama samaki. Nilijua tayari kwamba mguu huo ukifa, baiskeli imekwisha, na nikishikwa na hamu ya njia nitaitazama dirishani hadi nife.

Mwishoni mwa Juni barua ikaja: daktari mgeni atafika baada ya wiki mbili, uje mapema. Ningefurahi. Badala yake niliogopa kama sijapata kuogopa. Neno "mgongo" na neno "kisu" hayakukaa pamoja kichwani mwangu. Nilianza kufikiri: kama nikiweza kuuyeyusha ule uji kabla hajaja, hakuna haja ya kupasuliwa. Utomvu naujua. Hapa kwetu kila mama anajua kwamba nyama ya mbuzi dume ukiifunga kwa jani la mpapai inalainika hadi mfupa. Kama unapenya nyama ya mbuzi, utashindwaje kupenya yangu?

Skolastika alikuwa amekwenda Malolo kumsaidia mama yangu kuvuna mtama. Nilimwita Kalisti.

"Kachanje mapapai yale mabichi matatu. Kinga utomvu kwenye kikombe."

"Wa kufanyia nini, baba?"

"Dawa. Imeandikwa kwenye vitabu vya daktari."

Kalisti alikuwa kijana mtu mzima mwenye adabu ya kupita kiasi. Mkwe kwetu hali mbele ya baba mkwe, hapiti nyuma ya baba mkwe aliyejifunua, na mwili wake hautazami. Alileta kikombe akakiweka mlangoni.

"Ingia. Mimi siwezi kujifikia. Nipake."

"Baba, nimwite jirani."

"Jirani ataleta maneno. Paka."

Aliingia uso ameugeuza ukutani. Nililala kifudifudi, shuka nimelifunga kiunoni. Alipaka kwa kitambaa kwenye kijiti, mkono ameunyoosha kama anayechoma nyasi.

"Shuka chini kidogo, Kalisti. Uti wenyewe uko chini ya fundo."

"Hapo sifiki, baba."

"Nakuamuru."

"Niamuru kulima usiku na mchana, nitalima. Chini ya fundo la shuka lako sifiki. Mama Eliza akiuliza nitamjibu nini?"

Tulibishana hivyo, mimi kifudifudi, yeye akiuambia ukuta. Mwisho alimalizia utomvu wote juu ya fundo, akatoka karibu anakimbia. Nilikaa nao kuanzia asubuhi hadi mchana. Ulipoanza kuwasha nikafurahi: unapenya. Ulipoanza kuunguza nikasema, sasa umefika. Jua lilipopinda nikapiga kelele za kuitisha maji.

Sitaeleza sana hali ya mgongo wangu siku ya pili. Malengelenge, kisha kidonda kibichi, kipana kama sahani. Skolastika alirudi na debe la mtama kichwani, akaniona, akalitua. Alimtazama Kalisti, akanitazama mimi, akachukua kikombe cha utomvu kilichokuwa chini akakinusa. Kwenye lori la kwenda hospitali alikaa mgongo amenipa, na tulipofika ndipo alipozungumza.

"Mimi napima uzi kila Jumapili," akasema. "Napima, naomba, napima. Wewe unajipika."

Daktari Edga alinifunua, akafunika, akafunua tena. "Umesoma majarida yangu yote," akasema polepole, "na hukuona neno sindano?"

"Nililiona."

"Tone moja, limesafishwa, ndani ya washa yenyewe, kwa kuangalia picha. Ngozi haipitishi kitu hicho. Ngozi yenyewe ndiyo iliyoliwa." Kisha akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo madaktari hawafanyi. "Hatupasui kupitia kidonda. Vijidudu vikiingia kwenye mgongo, afadhali ungebaki na mguu mbovu. Na mgeni ana siku kumi tu."

"Halafu?"

"Halafu kiangazi kijacho. Lakini mshipa uliobanwa mwaka mzima mwingine, siwezi kukuahidi kwamba utaamka."

Siku hizo kumi ndizo ndefu kuliko zote za ugonjwa wangu. Kila asubuhi nililala kifudifudi, Sista Adelina akaniosha kwa maji ya chumvi, akaacha kidonda wazi chini ya chandarua ili nzi wasinifikie. Halafu daktari mgeni alikuja. Alikuwa mrefu, mzee, amevaa kipajini miwani yenye mirija miwili kama ya fundi saa. Aliishusha, akainama, akatazama, akasema neno moja kwa lugha yake, Daktari Edga akalitafsiri: "Bado." Siku ya pili, bado. Siku ya nne, bado. Wenzangu wa baraza la kungojea waliingia na kutoka. Yule mwalimu wa Ruangwa alipasuliwa Jumatano, akapita Ijumaa akitembea ameshikilia ukuta, amenyooka, akanipungia mkono kwa aibu, kama mtu aliyetangulia kwenye foleni.

Kitanda cha pili alilala dereva mmoja aliyevunjika paja, Mzee Mapunda, Mngoni wa Songea. Wangoni na sisi Wamwera ni watani tangu vita vya mababu, na mtani hana huruma wala hodi. Aliposikia kisa changu alicheka mpaka kamba za mguu wake zikatikisika.

"Sista! Huyu Mmwera ameiva? Nina njaa tangu asubuhi."

"Mwache mwenzio, Mzee Mapunda."

"Nimwache vipi? Babu zetu waliwafukuza hawa hadi maporini, hatukuwala kwa sababu walikuwa wagumu. Kumbe dawa ilikuwa papai! Mngetuambia mapema."

"Wewe ngoja mguu upone," nikamwambia, "nitakupaka ulimi."

"Paka, mtani. Lakini uwe umenunua chumvi."

Wodi nzima ilicheka, na mimi nikacheka, kidonda kikaniuma, nikaendelea kucheka. Skolastika alikuwa amekaa sakafuni karibu na kitanda akimenya muhogo. Nilimwona akiuma midomo, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa hajacheka tangu korosho za mwaka uliopita. Namshukuru Mzee Mapunda kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote. Uji wake wa asubuhi alinipa nusu siku zote kumi, akisema anamnenepesha mbuzi.

Siku ya tisa daktari mgeni alikuja na kalamu ya dawa ya buluu. Aliishusha miwani. Alikaa muda mrefu zaidi ya kawaida, akaanza kunihesabu pingili kwa kidole gumba, kutoka juu kushuka, akavuka kidonda, akafika chini yake, akasimama. Akabonyeza. Akasema kitu, na safari hii hakusema "bado".

"Anauliza," alisema Daktari Edga, "kwa nini kidonda kimekatika hapa kama kimepigwa rula? Juu pameungua, chini ngozi ni ya mtoto."

"Mkwe wangu alikataa kushuka."

"Alikataa nini?"

Ilibidi Kalisti aitwe kutoka barazani alikokuwa analala na kupika. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akitazama miguu yake.

"Kwa nini hukupaka huku chini?" Daktari Edga akamuuliza.

"Ni baba mkwe wangu," Kalisti akasema, akishangaa kwamba daktari mzima anauliza swali hilo.

Daktari Edga alitafsiri, na ilimchukua maneno mengi, akionyesha fundo la shuka kwa mikono. Yule mzee alisikiliza kwa makini. Halafu akavua miwani, akamwendea Kalisti, akampa mkono, akautikisa sana. Akarudi, akanichora mstari wa buluu chini ya mahali fundo lilipokuwa, juu ya ngozi nzima. Niliuhisi ukianza, na kabla sijajiandaa ulikuwa umekwisha.

"Kwa njia ya zamani," Daktari Edga akanieleza, "mimi ningeanzia huku juu, katikati ya kidonda. Ningekuambia urudi mwakani. Yeye anahitaji hapa tu. Vidole viwili. Kesho alfajiri, kabla hajaondoka. Bado kuna hatari, kidonda kiko karibu. Unakubali?"

Nilimtazama Skolastika. Hakunitazama mimi, alikuwa anautazama mstari.

"Ni mfupi," akasema. "Mwambie umekubali."

Upasuaji wenyewe siujui, nililazwa usingizi. Nilipoamka kitu cha kwanza nilichotafuta ni maumivu ya mguu, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta kizingiti. Hayakuwapo. Miezi tisa yalikuwa nami, yakaondoka bila kuaga. Mgongo uliniuma, lakini maumivu ya kupasuliwa ni maumivu ya kueleweka. Kidole gumba hakikuinuka. Daktari mgeni alipita na koti lake la safari, akakitazama, akainua mabega, akaniwekea mkono kichwani. Alionekana ana hamu ya kujua kitaishia wapi, sawa na mimi.

Kidole kilikaa kimelala hadi mwezi wa kumi. Siku moja nilikuwa najimwagia maji, nikakitazama bila nia, kikatikisika. Nilidhani ni sisimizi. Leo kinainuka, si kama cha kulia, lakini ndala haitoki tena.

Kwa hiyo, ndugu unayesimama ukutani kwenye baraza la kungojea, haya ndiyo ninayoyajua. Maumivu peke yake si lazima yakupeleke kwenye kisu. Lala pagumu, vumilia, wengi hupona. Lakini mguu ukilegea, au ukikaa huhisi mahali unapokalia, au mkojo ukigoma, usingoje mtu wala msimu, nenda siku hiyo hiyo. Usipake kitu. Mwulize daktari kila unachotaka kuuliza, na akikuambia hajui, mwamini zaidi. Mimi sibebi mabomba tena. Nafundisha vijana, na ninapofika kwenye ile sheria ya kuachia na kuruka nyuma, nairudia mara nne. Daktari Edga bado ananiazima majarida. Habari ya papai imegeuka mara mbili zaidi tangu wakati ule, safari hii sifa, safari nyingine lawama, na ile mirija ya ubavuni sasa kuna wanaotaka kuitia taa. Sijui wataishia wapi. Nangoja fungu lijalo kama watu wanavyongoja matokeo ya mpira.

Liko jambo moja la mwisho. Mvua za kwanza zilipopita, mimi na Skolastika tulikwenda Malolo kumwona mama. Lori lilituacha Ruangwa, na sehemu iliyobaki nilisema nitatembea. Tulianza jua likiwa changa, tukapumzika mara tano, mara moja nililala chali kabisa kwenye nyasi, Skolastika akasimama juu yangu na mwavuli, wapita njia wakimpa pole ya msiba. Tulifika jioni haijaingia.

Mama yangu Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Alikuwa ameambiwa kwamba mwanawe amepasuliwa mgongo, na neno hilo kwake lilikuwa na picha moja, ya mbuzi anavyopasuliwa. Alinikalisha, akaniinua shati mwenyewe bila kuomba ruhusa, akaanza kunipapasa kutoka mabegani. Alishuka, akapita kwenye baka la papai, akatafuta kushoto, akatafuta kulia. Skolastika akamshika kidole akakiweka juu ya kovu.

"Hapa?" mama akauliza.

"Hapo, mama."

Akalifuata kovu hadi mwisho, na mwisho ulikuja upesi. Akarudi mwanzo akalifuata tena.

"Hapa tu?"

"Hapo tu."

Mama akaniteremshia shati. Akamgeukia Skolastika kwa Kimwera, na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli kabisa. "Nimelia kiangazi kizima," akasema, "kwa tundu la kifungo?"